Masharti Mawili ya Lesian

Kila Alhamisi baada ya masomo, Nashipae alimsaidia mama yake kuuza maziwa katika soko la Ngaramtoni. Alhamisi moja alikuwa akisuuza vibuyu, ndipo mteja wao, mama Anyesi, alipomnyooshea simu.

"Mwanangu, hebu nisomee. Ndama wangu amevimba mitoki ya shingoni. Hii programu mpya ya mjini inasema anaumwa nini?"

Nashipae alisoma, moyo ukamlipuka. Iliandikwa "oltinaka". Kwa Kimaasai, ndigana kali, ugonjwa wa ng'ombe unaoletwa na kupe, huitwa oltikana. Oltinaka alikuwa akisema yeye, enzi za utoto wake, na kaka yake Lesian aliliingiza kosa hilo katika programu yake ya kutambua magonjwa ya mifugo ili kumtania.

Lesian aliitunga programu hiyo akiwa chuoni, akaitoa bure mtandaoni. Leseni yake ilikuwa na masharti mawili tu: jina la mtunzi lisiondolewe, na atakayeiboresha auweke wazi msimbo, yaani maandishi yanayoiendesha programu, ili wengine wajifunze. Mwaka uliopita ajali ya pikipiki ilimchukua. Sasa jina lake halikuwapo. Lilikuwapo la kampuni moja ya Elerai, huko mjini.

"Wezi wakubwa!" Nashipae alimlilia mwalimu wake wa kompyuta, Mwalimu Anande. "Programu yao ifungiwe!"

"Ikifungiwa, mama Anyesi atamtibuje ndama wake? Kaka yako hakuandika 'wafungiwe'. Tuwadai alichoandika."

Wakaenda Elerai, wao wawili na mama yake Nashipae.

"Shikamoo," Nashipae alimsalimu meneja, Bwana Philemoni.

"Marahaba. Kumbe ndio nyinyi mnaodai kitu cha bure? Cha bure kina mwenyewe?"

Mwalimu Anande aliweka leseni mezani, akamwonyesha lile neno lililokosewa, katika programu ya Lesian na katika yao. Kicheko cha meneja kikakatika.

"Basi, jina tutalirudisha," alisema. "Ila msimbo tuliouboresha ni siri ya kampuni. Mama Lesian, si utaridhika?"

Machozi yalimlenga mama. Jina la mwanawe! Alianza kuitikia kwa kichwa.

"Mama," Nashipae alinong'ona, "yalikuwa mawili."

Mama alijifuta kwa ncha ya shuka. "Ni kweli. Mwanangu hakuwa mtu wa nusu nusu. Yote mawili, baba."

"Asiyetimiza masharti hana ruhusa ya kuitumia kazi hii," Mwalimu Anande aliongeza. "Timizeni, au tukutane mahakamani."

Baada ya wiki mbili jina lilirudishwa na msimbo ukawekwa wazi. Mwalimu alileta habari hizo nyumbani. Nashipae alifungua programu kwenye simu, na mama akapitisha kidole juu ya jina, taratibu, herufi kwa herufi.

"Hawa wanaoitumia," aliuliza, "wanajua amekufa?"

"Hapana, mama. Imeandikwa tu: Mtunzi ni Lesian."

"Basi waache wasijue."

Mwalimu Anande alimshika Nashipae bega.

"Kupewa bure si kupewa bila masharti, binti. Ukipokea kazi ya mtu, litimize neno lake lote, hata kama hayupo tena wa kukuuliza."