Ndoo ya Kupeleka Maabara

Mke wa fundi magari alitenda kosa, na mpaka leo hamsingizii mtu wala shetani. Husema tu: nilidanganya.

Ilianza kidogo kidogo. Mumewe, mtu aliyejulikana mtaa mzima kwa kula, akawa anashiba kwa matonge mawili, kisha anacheua harufu ya nywele zilizoungua. "Huyu ana mkaaji ndani, pepo, shemeji," mdogo wa mume akanong'ona. Daktari wa upasuaji alisema vingine: saratani, tena ile kali isiyosubiri mtu, imeufanya mfuko wa chakula mgumu kama ngozi ya kiatu. Utolewe wote, koo liungwe na utumbo.

"Afadhali," mgonjwa alimtania mkewe akisukumwa kwenda kupasuliwa. "Utapumzika kunipikia."

"Nyamaza, we mwanamume. Utakula mpaka nikukimbie."

Adhuhuri nesi akatoka na ndoo nyeupe yenye mfuniko. Wahudumu hawakutosha pale hospitali, hivyo ndugu wa mgonjwa ndiye aliyepeleka maabara nyama iliyokatwa.

"Imo kwenye dawa ya kuihifadhi, mama. Maabara iko nyuma ya jengo la kufulia. Usifungue. Majibu yake ndiyo yatakayomwambia daktari kama saratani imeisha, na dawa gani ifuate."

"Nimesikia, mwanangu."

Alipofika kwenye mashuka yaliyoanikwa, ndoo ikawa nzito. Kitu kikatafuna humo ndani. Akasoma dua, akakosea, akaanza upya, na kabla hajafika katikati, sauti ya mumewe, mumewe aliyekuwa bado hajitambui na mpira puani, ikapenya chini ya mfuniko ikamwambia taratibu, "Nimeshatoka. Ukinipeleka kwa wenye visu watanifungulia, nami nitamrudia. Nizike, nimwache."

Nani asingetaka mumewe aachwe? Akaipita maabara, akatoka getini, akaizika ndoo nyuma ya nyumba yao. Alipoulizwa na nesi, akajibu, "Nimeshapeleka."

Siku zikapita, majibu hayakuja. Daktari akamwita kando, akauliza ndoo iko wapi, naye akasema yote. Daktari hakufoka. Heri angefoka.

"Mama, bila ile nyama sijui kama nilipokata palikuwa safi. Dawa nitampa kwa kubahatisha."

Wakakimbia, yeye na shemeji yake, wakaifukua. Mfuniko ulikuwa umebana vilevile. Dawa ilikuwa imejaa, angavu kama maji ya kisima. Nyama haikuwemo.

"Tuondoke, shemeji," kijana akasema, akirudi nyuma. "Tuondoke hapa."

Wakarudi wodini mchana uleule, jua likiwaka madirishani na wagonjwa wengine wakicheka na wageni wao, wakamkuta fundi amekaa kitako, yeye asiyeweza hata kugeuka peke yake, na mkewe alipomfuta midomo kitambaa kikajaa udongo mbichi wenye mizizi, akaita nesi, akaita daktari, akamwita Mola wake, na mumewe akazidi kutafuna polepole huku akimtazama kwa macho yanayotoka machozi, macho ya mtu anayetaka kuacha na taya si lake tena.

Daktari alikuja. Akasimama miguuni pa kitanda, akautazama ule udongo kitambaani.

Fundi hajafa, wala hajapona. Nawe unayesikiliza, nakuomba: mwombee. Na siku ukikabidhiwa ndoo kama ile, ifikishe.