Nani Amegusa Giaboksi Hii?

Foleni ya kituo cha mafuta jioni ile ilikuwa imemwagikia barabarani, na kila mtu alikuwa na haraka isipokuwa mwanamume mwenye shati la waridi lililopigwa pasi vizuri. Gari lake kuukuu lilisogea kwa adabu, likasimama, likasogea tena. Nyuma yake, mwanamke aliyevaa ovaroli la buluu alishuka kwenye pikipiki akaenda kumgongea kioo.

"Kaka, kanyaga mafuta, hayaumi."

"Nikiyakanyaga hayatabaki, dada."

Mwanamke akacheka bila kupenda. Alikuwa fundi wa magari, mama wa binti mmoja, na tangu asubuhi alikuwa amelala chini ya magari ya watu. Wateja walimwita Mama Spana. Mwenye shati alikuwa dereva wa teksi; abiria wake walimwita Taratibu, na hawakuwa wanamsifu.

Ndivyo walivyoanza. Gari likawa mteja wake, kisha mwenye gari naye akazoea kubaki gereji hata gari likiwa zima. Akamsaidia binti hesabu za shule. Akamwita fundi "moyo wangu" mbele ya majirani, naye fundi akajifanya hasikii. Walipendana kama watu wazima wenye kazi: kwa simu fupi, na kwa kusinzia pamoja kwenye kochi.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula vumbi."

"Basi nakuletea cha kulisindikizia."

Siku moja Taratibu akaja uso umemshuka. "Gari linatetemeka."

Mama Spana akalichukua, akalizungusha mtaa mzima. Halikutetemeka hata kidogo.

"Labda unayetetemeka ni wewe."

"Nikiendesha mimi linatetemeka, laazizi. Haki ya Mungu."

"Haya, shika usukani. Tambaa kama unavyotambaa siku zote."

Wakaingia barabara kuu. Injini ilipopata moto, mwendo ukafika kwenye sitini, na mguu wa Taratibu ukiwa mwepesi juu ya mafuta, gari likaanza kutetemeka kana kwamba linapita juu ya vijituta, ilhali lami ilikuwa laini kabisa. Mama Spana akatikisa kichwa. Yeye alikuwa ameliendesha kama mtu anayefukuzwa. Ugonjwa wenyewe ulikuwa unautaka mguu wa polepole.

"Usiachie mafuta. Mguu wa kushoto uguse breki, kidogo tu, kama unapapasa."

Akagusa. Mtetemo ukakatika. Akaachia breki, ukarudi.

"Injini ni nzima," alisema fundi. "Ndani ya giaboksi hii ya otomatiki kuna klachi inayojifunga gari likishika mwendo. Ukigusa breki inajifungua, na mtetemo unaisha. Basi ni hiyo, inashika na kuteleza."

"Ni mbaya?"

"Tuione oili kwanza."

Gerejini, injini ikinguruma, akachomoa kijiti cha kupimia oili ya giaboksi. Oili aliyoiweka mwenyewe juzijuzi ilikuwa nyekundu, safi. Hii ilikuwa na rangi ya chai iliyolala, na harufu ngeni. Akazima injini, akaingia uvunguni. Nati ya kumwagia oili ilikuwa imetafunwa na spana isiyo saizi yake.

Akatoka, akajifuta mikono kidole kimoja kimoja.

"Nani amegusa giaboksi hii?"

"Hakuna."

"Niangalie usoni. Nani?"

"Hakuna mtu, mpenzi."

Mama Spana hakupiga kelele. Mumewe wa zamani alianza hivyo hivyo: kwanza kula kwingine, halafu kulala kwingine, na kila akiulizwa jibu lilikuwa hakuna. Safari ile aliijua hadi mwisho wake, na hakuwa na nguvu ya kuirudia. Akamrudishia Taratibu ufunguo.

"Aliyeiweka na aitoe."

Simu zikalia, hakupokea. Binti akavumilia weee, mwisho akauliza.

"Mama, kwani Taratibu amekosa nini?"

"Amepata fundi mwingine."

"Fundi wa nini?"

"Kula ulale."

Jioni moja akapokea, kwa kuchoka tu kuisikia ikilia.

"Sema upesi."

"Upesi siuwezi, moyo wangu."

"Basi sema."

"Nati ya chini ilikuwa inavuja. Nilikuja kwako, nikakukuta umesinzia mezani, kijiko mkononi, binti anakufunika shuka. Nikajiambia, huyu nikimwongezea kazi nitakuwa nimemwua. Nikaenda kwa yule fundi wa barabarani. Akamwaga oili yako, akajaza ya kwenye pipa lake."

"Sasa ukasema hakuna kwa nini?"

"Aibu. Nilitaka kukupumzisha, nikakuharibia kazi yako."

Mama Spana akaketi juu ya tairi. Siku zote hizo alikuwa amebeba hasira pamoja na spana, na mgongo ni mmoja.

"Sikiliza, wewe mwanamume. Nimechoka na kazi. Wewe sijakuchoka. Usinichanganyie hivyo viwili. Na ukinidanganya tena, hata kwa huruma, ndiyo basi."

"Nimesikia."

"Lete gari."

Akalileta asubuhi, akavua viatu vyake vinavyong'aa, akajilaza uvunguni kando yake, shati na yote. Oili ikamwagika kwenye karai, nyeusi.

"Haitoki yote kwa mara moja," alisema Mama Spana. "Nyingine inabaki ndani. Tunaweka nzuri, unaliendesha, unarudi, tunamwaga tena, mpaka itoke safi. Na kama klachi imeshaungua, halitapona kwa oili. Sikuahidi kitu."

"Na likipona, nitakuwa nakuja kwa sababu gani?"

"Kama unahitaji sababu, usije."

Taratibu akawaza, akawaza sana, oili ikidondoka tone kwa tone.

"Basi nitakuja kuoa."

Spana ikatulia mkononi mwa fundi.

"Hilo mtu mzima analisema uvunguni mwa gari?"

"Nimeona hapa huwezi kunikimbia."

"Nguvu za kukimbia ninazo wapi?" Akaipangusa nati kwa kitambaa. "Nimekubali. Lakini binti kamwambie wewe mwenyewe. Mimi nikimaliza hapa nataka kuoga."