Fundi Aliyekariri Kadi ya Macho

Kila asubuhi fundi alifungua duka lake, ambalo kwa kweli lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao. Alifuta vumbi kwenye cherehani, akatia tone la mafuta, kisha akaanza vita vyake na sindano.

Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na sita. Zamani aliingiza uzi kwenye tundu la sindano huku akipiga soga na mteja. Siku hizi aliulamba uzi, akaukata, akaulamba tena, akanyoosha mkono mpaka mwisho. Uzi ulipita kushoto kwa tundu. Kisha ulipita kulia.

"Sindano za siku hizi zina matundu madogo," alisema.

"Kweli, wifi," alijibu dada wa mumewe, aliyeishi nao hapo nyumbani. Aliinama akaendelea kuokota vipande vya nguo sakafuni, akajitia hamnazo.

Fundi alikuwa mtu mwema, lakini kwa ubishi hakuwa na mpinzani mtaani. Mwezi ule alikuwa na kazi kubwa: sare thelathini za wauguzi wa zahanati, nyeupe pe. Msimamizi wa zahanati alikuwa amemwambia wazi kwamba sare hizo zikitoka vizuri, kazi yote ya mwaka ujao itakuwa yake. Zikitoka vibaya, itakwenda kwa fundi wa ng'ambo ya barabara. Uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe ulimtoa kijasho chembamba. Hata hivyo sare kumi alikwisha kuzipeleka, na hakuna hata moja iliyorudishwa. Alijiambia kwamba macho yake yangekuwa mabovu, wauguzi wangesema.

Siku moja jirani yao, muuguzi mstaafu ambaye watu wote walimwita Sista, alipita dukani. Alikuwa amevaa kizibao cha kijani cha klabu yao ya kujitolea. Aliwaambia kwamba Jumamosi klabu itapima watu macho bure kwenye ukumbi wa shule, na atakayehitaji miwani ya kusomea ataondoka nayo. Fundi alisema yeye hana haja. Wifi yake akasema twende tu tukaone watu, na kwa kuwa kuona watu si vibaya, wakaenda.

Foleni ilikuwa ndefu. Mbele kabisa alikaa kinyozi wa pale sokoni, naye amevaa kizibao cha kijani. Alimpa kila mtu kadi ya kushika mkononi. Kadi ilikuwa na mistari ya alama, kila alama ina meno matatu kama kipande cha kitana. Mstari wa juu ulikuwa na alama kubwa, na kila mstari uliofuata ulikuwa na alama ndogo zaidi. Kinyozi aliuliza meno yameelekea wapi, na mtu akajibu: juu, kulia, kulia, chini, kushoto.

Sasa, fundi huyu hakuwahi kuandika vipimo vya mteja hata siku moja. Kifua, kiuno, urefu wa mkono, vyote aliviweka kichwani. Mteja aliyepimwa mwaka juzi angekuja leo, fundi angemtajia vipimo vyake bila kugusa tepu. Pale kwenye foleni alisimama nyuma ya watu ishirini, na watu ishirini walisoma kadi ile ile kwa sauti. Zamu yake ilipofika, kadi yote ilikuwa imekwisha kuingia kichwani.

Alishika kadi. Kwenye mstari wa mwisho aliona vumbi tu. Nyuma yake walikuwa wateja wake watatu. Wakijua kwamba fundi haoni, nani atamletea kitambaa? Akapiga moyo konde, akataja mistari yote, mmoja baada ya mwingine, bila kukosea.

"Umefaulu," kinyozi alimwambia akicheka. "Huo mstari wa mwisho hata mimi unanishinda."

Fundi alirudi nyumbani kichwa juu. Njia nzima alimweleza wifi yake habari za macho ya ujana.

Jumanne mchana fundi alikwenda uani kuanua nguo. Alimkuta wifi yake amekaa kwenye kibao, na mapajani ana sare moja nyeupe. Alikuwa anashona kwa mkono, taratibu, ulimi umebanwa kwenye kona ya mdomo.

"Unafanya nini na kazi yangu?"

Wifi alishtuka, akajichoma kidole. Kisha akamnyooshea sare.

"Wifi, pitisha kidole hapa kwenye kola. Usitazame, gusa tu."

Fundi alipitisha kidole. Kidole kikazama. Cherehani ilikuwa imeshona kando ya kitambaa, na kola ilikuwa wazi nusu nzima.

"Tangu lini unanirekebishia?"

"Tangu sare ya kwanza. Ukienda sokoni, mimi nakaa hapa."

"Na hukuniambia?"

"Ningekuambia ungenisikia? Jumamosi umerudi kutoka ukumbini umefaulu." Wifi alivuta pumzi. "Lakini sasa nimeshindwa. Zimebaki sare ishirini, zinachukuliwa Jumatatu ijayo. Mkono wangu hauwezi kukimbizana na cherehani yako."

Fundi alitaka kukasirika, lakini hasira ilikataa kuja. Iliyokuja ni aibu. Kumbe sare kumi zilizomtia kiburi zilikuwa zimeshikiliwa na vidole vya mtu mwingine. Alikaa chini kwenye kibao, wakakaa bega kwa bega.

Jioni walikwenda wote wawili kwa Sista. Fundi alikuwa na ulimi mzito, lakini alisema.

"Sista, ile kadi niliikariri."

Sista alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Kisha akaona uso wa fundi, akaacha.

"Kosa ni letu pia," alisema. "Kupima macho si mtihani. Hakuna kufaulu wala kufeli. Ukisema huoni, hapo ndipo umenisaidia kukusaidia."

Alimweleza kwamba karibu kila mtu akifika miaka arobaini na kitu, jicho hupungukiwa nguvu ya kuona vitu vya karibu. Ndiyo maana watu husukuma gazeti mbali. Kwa kawaida huo si ugonjwa, wala si adhabu, na si kwa mafundi tu. Miwani ya kusomea haiharibu macho. Lakini si vizuri kuazima miwani ya mwenzako, kwa sababu huenda nguvu yake si ya macho yako. Na mtu akiona jicho linauma, au limepoteza nuru ghafla, asingoje klabu. Aende hospitali siku hiyo hiyo.

Wifi aliuliza klabu yenyewe hupata faida gani.

"Faida yetu ni kuona mtaa unakwenda," Sista alisema. "Klabu kama hii ziko nchi nyingi duniani. Wengine hupanda miti, wengine hutengeneza vyoo vya shule, wengine huhamasisha watu kutoa damu. Wanachama ni watu wa kawaida, vinyozi na madereva. Kila mmoja anatoa saa zake. Sisi mwaka huu tumechagua macho. Jumamosi tuko mtaa wa pili. Njooni."

Walikwenda. Safari hii kinyozi alikuwa na kadi nne, na kila mtu alipoondoka, kinyozi aliigeuza kadi juu chini au akachukua nyingine. Sista alikuwa amewaeleza wenzake kwamba kadi moja hukaririwa, bila kusema ni nani aliyewafundisha hilo.

Fundi aliketi. Kinyozi akauliza meno ya mstari wa tano yameelekea wapi.

"Sioni," alisema fundi, kwa sauti ya kusikika hadi mlangoni.

Kisha mzee mmoja nyuma akasema, "Afadhali. Na mimi sioni. Nilikuwa nangoja mtu aanze."

Mtaalamu wa macho aliyekuja na klabu alimmulika kwa tochi ndogo, akasema hana mtoto wa jicho. Wakamjaribisha miwani ya kwanza, kitana kikabaki vumbi. Wakamjaribisha ya pili, na meno yote matatu yakatokea. Fundi alitazama viganja vyake, akaona makovu madogo ya sindano ambayo hakuyajua. Machozi yalimlengalenga, naye hakuyaficha.

Alasiri hiyo uzi uliingia kwenye tundu mara ya kwanza. Alifumua mishono mibovu, akaishona upya, na wifi akamshikia pindo. Jumatatu asubuhi sare ishirini zilikuwa zimepigwa pasi na kupangwa mezani.

Msimamizi wa zahanati aligeuza kola moja baada ya nyingine. Aliridhika, akatoa kitabu cha kuagizia kazi ya mwaka ujao.

Fundi angeweza kunyamaza. Lakini alivua miwani, akaishika mkononi.

"Kabla hujaandika," alisema, "zile kumi za kwanza niliziharibu. Nilikuwa sioni na sikutaka kusema. Aliyezishika zisifumuke ni wifi yangu huyu, kwa mkono wake."

Wifi alitazama sakafu. Msimamizi aliweka kalamu chini. Aligeuza ukingo wa sare aliyoivaa mwenyewe, moja ya zile kumi, akatazama mishono midogo ya mkono.

"Basi hapa kwenye jina la fundi niandike nani?" aliuliza.

"Andika mafundi wawili," alisema fundi, akamvutia wifi yake kiti.