Kisanduku cha Mtaa wa Cobden

Alhamisi tarehe 13 Juni, saa mbili asubuhi, muuguzi Denise Hebblethwaite alifungua barua ya halmashauri ya mji wa Harnsley, Uingereza, akakuta picha kumi na moja za mlango wake. Zilimwonyesha akiingia kila alfajiri. Halmashauri ikahitimisha kuwa analala kwingine na haishi pale, kwa hiyo bintiye Poppy, wa miaka minne, amenyang'anywa nafasi katika shule ya mtaani. Upuuzi mtupu! Mama wa watu alikuwa akitoka zamu.

Jumatatu akafika Marjorie Sugden, mkaguzi wa serikali anayechunguza namna halmashauri zinavyopeleleza watu. Alimkuta Denise akimfokea jirani.

"Ni wewe umenichongea, mzee Garside!"

"Mimi? Koma, mama! Mchawi wako yuko ofisini. Mimi nilimwona mtu kwenye ngazi akifunga kisanduku juu ya nguzo ya taa, kimeelekea mlango wako. Jumatatu ile ya sikukuu ya Mei, nilikuwa nachoma soseji."

Sugden akaandika: Jumatatu ya kwanza ya Mei, tarehe 6.

Saa nane mchana alikuwa mbele ya madiwani, Denise akiwa kando yake. Mwanasheria wa halmashauri, Clive Ormerod, alimsogezea Sugden jalada huku akitabasamu.

"Kibali cha hakimu hicho, bibi. Kila kitu kisheria."

"Umeandika mama huyu anawauzia watoto sigara."

"Tulikuwa na fununu."

"Huna fununu. Kwa ugomvi wa shule, sheria haikuruhusu kamera, kwa hiyo umemzulia kosa linaloiruhusu. Na hakimu alitia saini lini?"

"Si umeona? Tarehe 6 Mei."

"Sikukuu. Mahakama ilikuwa imefungwa, bwana. Saini hii ni ya nani?"

Tabasamu likamtoka.

"Nimeisoma orodha ya wanaosubiri nafasi shuleni. Anayefuata ni mjukuu wako," Sugden alisema.

"Angepelekwa ng'ambo ya mji," Ormerod alinong'ona. "Mabasi mawili."

"Kwa hiyo apande wangu!" Denise alifoka.

Sugden akawageukia madiwani.

"Taarifa ya upelelezi huletwa kwenu kila mwaka. Kesi ya mama huyu ilikuwamo katika ya mwaka huu, ukurasa wa pili. Mkanyoosha mikono kuipitisha. Nani aliisoma?"

Mwenyekiti alikohoa, akasema nafasi ya Poppy inarudishwa leo hii, na wanaomba radhi.

"Radhi kaeni nayo," Denise alisema. "Nataka picha zangu. Na nataka kila mmoja wenu aniambie, kwa jina lake, alizitazama mara ngapi."

Akavuta kiti, akaketi kuwasubiri.