Alikiiba Kilio Changu cha Kaburi la Mama

Nina miaka ishirini na minne, nalima kahawa na kuimba nyimbo za kwetu hapa Itaka, wilayani Mbozi. Gitaa nilijifunza mwenyewe. La kwanza nililiunda kwa galoni la mafuta ya kula na nyaya za breki za pikipiki. Leo ukisikia wimbo wangu kwenye spika ya bodaboda, utaambiwa ni wa mwanaume mmoja wa Tunduma.

Mwanaume huyo alikuwa mchumba wangu!

Nitamwita Jofu. Alikuwa mpiga kinanda wa harusini, yaani alibonyeza kitufe, kinanda kikajipiga chenyewe, yeye akatingisha mabega. Hajawahi kutunga hata mstari mmoja. Nilijua hilo tangu mwanzo... na bado nikampenda. Moyo una akili gani?

Mama yangu alipofariki, nilianza kumtungia wimbo. Nilitaka niuimbe siku ya kujengea kaburi lake, ukoo wote ukiwepo. Sikutaka kitu kingine duniani.

Lakini mimi nina ugonjwa: hakuna kazi yangu inayonitosha. Nilijirekodi kwa simu ndani ya ghala la mahindi. Jogoo akiwika, nafuta. Pumzi ikisikika, nafuta. Neno likikaa vibaya kidogo, sili, silali. Ndugu walipoahirisha kujenga kaburi kwa kukosa saruji, wenzangu walisikitika. Mimi nilishukuru!

Kisha nikafanya kosa kubwa kuliko yote. Kwetu mwimbaji hujitaja. Ukiimba msibani au ngomani, katikati ya wimbo unataja jina lako, la baba yako na kijiji chako, ili wimbo ukienda mbali ujulikane umetoka nyumba gani. Nami nilikuwa na ubeti huo: "Ni mimi Esta wa Mgala, wa Itaka." Nikaona unavunja mapigo. Nikaona ushamba. Nikaukata! Wimbo ukabaki safi kama yai.

Nikamtumia Jofu, asikilize tu na kuniambia sauti inapwaya wapi. Akajibu, "Bado sana, mpenzi. Usimwimbie mtu, utaaibika." Mimi mwenye wasiwasi nikaamini, nikarudi ghalani kufuta, hata ile niliyomtumia, na kurudia...

Siku moja ya gulio, bodaboda ikapita na muziki. Sauti ya Jofu, maneno yangu! Kikapu cha kahawa cha mama. Kikohozi chake. Kanga yake yenye tundu la cheche. Na pale pale nilipokata ubeti wangu, yeye amejitaja: "Ni mimi Jofu wa Tunduma, namlilia mama."

Mama yupi? Mama yake yu hai! Anauza vitenge karibu na mpaka wa Zambia, mnene, mwenye afya, anagombana na wateja kwa Kiswahili na Kibemba. Mti wa kahawa hajawahi kuugusa. Mwanaume mzima, anamzika mama yake mzima ili apigiwe makofi!

Nilipanda gari hadi Tunduma. Nilimkuta kwenye duka la mama yake, amevaa miwani ya jua ndani ya nyumba. Sikuona hata chembe ya haya usoni pake.

"We Esta, wimbo wa kienyeji nao una mwenyewe?" alisema. "Haya, jina lako liko wapi humo? Niimbie hapo tulisikie."

Ubeti wa jina nilishaukata mwenyewe. Ningeimba nini?

Mama yake akacheka mpaka akashika kaunta. "Mkwe, mwache mwenzio atafute riziki. Mbona mimi ninayezikwa sijalalamika?"

Wateja nao wakacheka. Nikavua pete ya uchumba, nikaiacha juu ya vitenge vyake. Wala haikuwa ya dhahabu, ilishaanza kuniachia ukijani kidoleni.

Nikajipa moyo kwamba kaburini ukoo utanijua. Siku ikafika. Saruji ikiwa bado mbichi, nikasimama na gitaa, nikaanza. Nikaona watu wanatazamana... Wengine wakaanza kuitikia kiitikio, wanakijua! Shangazi akanivuta gauni.

"Esta, hata leo? Hata mama yako unamwimbia wimbo wa Jofu? Umekosa wa kwako?"

Nikasema ni wangu. Binamu akaguna, "Sasa mbona anajitaja yeye?"

Hapo nikaupaza ule ubeti nilioukata, nikilia, sauti ikipasuka: "Ni mimi Esta wa Mgala, wa Itaka!" Ukavunja mapigo, kama nilivyojua utavunja. Wachache walinyamaza kwa heshima. Wengi walidhani nimebandika jina langu kwenye mali ya mtu. Mbele ya kaburi la mama yangu, mwizi nikawa mimi!

Jofu bado anaalikwa. Anafuta machozi makavu jukwaani na watu wanamtuza. Namdharau, na wanaomtuza nawadharau. Lakini yule msichana wa ghalani, aliyeona aibu ya jina lake mwenyewe, ndiye ninayemdharau kuliko wote.

Ndugu yangu unayetunga peke yako chumbani, nakusihi, usipite njia yangu! Imba mapema, mbele za watu, na makosa yako yote. Jitaje, hata kama mapigo yatavunjika. Usimkabidhi mtu wimbo ambao kijiji chako hakijausikia kwako.

Siku hizi nikirekodi, jogoo akiwika namwacha awike. Yule jogoo wa rekodi zangu za kwanza angeweza kunitolea ushahidi kwamba wimbo ulizaliwa ghalani kwetu... nilimfuta mwenyewe.