Laiti Ningesema Dona

Kaeni vizuri, kunjeni miguu. Leo nina habari za Chiku.

Chiku alikuwa na miaka sita na mdomo usiochoka. Aliongea na kuku. Aliongea na ndoo. Aliongea hata na ugali kabla ya kuula.

Kila siku Chiku alikula na Babu, sahani moja. Babu anamega, Chiku anamega. Babu anachovya, Chiku anachovya.

Ugali wao ulikuwa wa dona. Mahindi ya dona hayakobolewi. Punje husagwa nzima, pamoja na ganda lake, na unga wake si mweupe sana. Babu alikuwa anaumwa sukari, na daktari alimwambia ale dona.

Siku moja Zena, mtoto wa jirani, alichungulia sahani yao.

"Ugali wenu una vumbi," akasema. "Wetu mweupe pee."

Chiku, yule wa kuongea na ndoo, akaifunika sahani kwa mikono miwili. Aliona aibu sana.

Jumamosi asubuhi Mama alimtwika Chiku mahindi kwenye ndoo ndogo.

"Mwambie Mjomba Mkude asikoboe. Utasemaje?"

"Dona, Mama."

Chiku akashika njia ya mashineni. Tapu, tapu, tapu, zikalia kandambili zake. "Dona, dona, dona," akaimba njia nzima.

Mashine ilikuwa inanguruma. Vuuu, tatatata, vuuu. Mjomba Mkude, msagaji, alikuwa na unga mpaka kwenye kope.

"Nikoboe, au dona?" akauliza kwa sauti kubwa.

Neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Halafu Chiku akamkumbuka Zena.

"Koboa, Mjomba," akasema.

Tatatata. Maganda yakaingia kwenye gunia la pumba. Vuuu. Unga ukatoka, mweupe pee.

Chiku akafurahi. Alifurahi mpaka kona ya kwanza tu. Hapo kwenye kona akamkumbuka Babu, akasimama.

*Laiti ningesema dona.*

Akageuka. Akakimbia, tapu tapu tapu tapu.

"Mjomba, naomba maganda yetu. Nataka kuyarudisha kwenye unga."

Mjomba Mkude akamfungulia gunia la pumba. Lilikuwa limejaa.

"Ya kwenu ni yapi humu, mwanangu? Yameshachanganyika na ya watu wote."

Chiku alichungulia, akachungulia tena. Maganda yote yalifanana.

*Laiti ningesema dona.*

Jioni Mama alifunua ndoo. Akashika unga kwa vidole.

"Huu umekobolewa," akasema.

Chiku akaangalia vidole vya miguu yake.

"Labda mashine imekosea," akasema Babu, polepole.

Mashine haikukosea. Chiku alijua, na nyinyi mnajua.

Mama akasonga ugali mweupe, akampa Chiku sahani yake peke yake. Babu akapewa bakuli la kunde bila ugali. Chiku alikaa upande huu wa mkeka, Babu upande ule.

Chiku akamega. Hakuna mkono mwingine ulioingia kwenye sahani. Ugali ulikuwa laini, lakini Chiku akaurudisha kwenye sahani.

*Laiti ningesema dona.*

Safari hii maneno yalimtoka kwa sauti.

"Babu, mashine haikukosea. Ni mimi. Nilisema koboa. Nilitaka mweupe, kama wa kina Zena."

Machozi yakaanguka kwenye ugali. To, to, to.

Babu akaweka kijiko chini.

"Kumbe," akasema. "Mimi nilidhani umechoka kula na mimi."

Maneno hayo yalimuuma Chiku kuliko kuchapwa.

"Sijachoka, Babu. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Haya, njoo huku na kijiko chako. Kunde zinatutosha."

Wakala kunde, kijiko kwa kijiko, mpaka bakuli likaonyesha maua yake ya chini.

"Mahindi yamebaki kidogo," akasema Mama. "Kesho utarudi mashineni. Na huo unga mweupe tutanywea uji sisi, chakula hakitupwi."

Kesho yake, tapu, tapu, tapu. Safari hii Chiku hakuimba. Alilishika neno moja tu mdomoni, asije akalidondosha njiani.

Vuuu, tatatata.

"Nikoboe, au dona?"

"DONA!"

Watu wote kwenye foleni wakageuka. Mjomba Mkude akacheka mpaka unga ukamdondoka kwenye kope.

Siku hiyo mkeka ulikuwa na sahani moja. Babu anamega, Chiku anamega. Babu anachovya, Chiku anachovya.

Zena akaja, akachungulia. "Bado una vumbi," akasema.

"Si vumbi," akasema Chiku. "Ni punje nzima. Na Babu anaula."

Zena akafikiri kidogo. Kisha akanawa mikono, akakaa. Sahani moja, mikono mitatu.

Usiku ukaingia. Chiku akajilaza, na Babu akamfunika kanga.

"Babu, yale maganda yetu bado yananiuma."

"Yataacha kukuuma. Lala sasa."

Mdomo usiochoka ulikuwa umechoka.

"Chiku," akanong'ona Babu, "umelala?"

Kutoka ndani ya kanga, kwenye usingizi, sauti ndogo ikajibu.

"Dona."