Pata, Bata

"Pata."

"Bata."

"Nimesema pata. Tena."

"Bata," mke akarudia, macho chini.

Mume akashusha kadi iliyomficha mdomo ili mke asimsome midomo, akaandika kosa. Yeye ni fundi baiskeli, mikono yake imezoea spana kuliko kalamu. Lakini tangu mkewe apandikizwe kifaa cha kusikia, kila jioni anageuka mwalimu. Redio inazimwa, dirisha linafungwa, mlango unapigwa komeo majirani wasilete kelele, kisha wawili hao wanakaa humo wakiiva kama mikate kwenye tanuri. Mke, mshonaji wa nguo, alikuwa kiziwi miaka miwili. Sasa anasikia, na hajawahi kujiona mfungwa kama sasa.

Maana ana siri. Mwezi uliopita simu ya mume ilibaki mezani, ujumbe wa kwenda kwa wifi yake ukiwa wazi:

"Dada, nimemchoka. Akishasikia vizuri, mimi naondoka."

Tangu siku hiyo pata ikawa bata, pika ikawa piga, na alama hazikupanda ng'o. Akisikia, anaachwa. Asiposikia, anazeeka akitazama kadi. Kila upande ukuta.

Jioni hii akamweleza mumewe kwamba mtaalamu wa hospitali ameona orodha ya maneno makavu inachosha, ni kama kutafuna pamba. Sasa mke aandike sentensi za mambo ya nyumbani kwao, mume asome, yeye arudie. Akamkabidhi karatasi.

Mume akaziba mdomo kwa kadi, akasoma:

"Mume wangu hukoroma kama pikipiki iliyotoboka bomba."

Mke akairudia yote, hata bomba hakuliacha. Mume akacheka mpaka kadi ikatikisika. Kicheko kilikuwa kimekihama chumba kile siku nyingi.

"Kumbe dawa ndiyo hii. Ngoja ya pili." Akaivamia bila kuipitia kwanza kwa macho. "Dada, nimemchoka. Akishasikia vizuri..."

Akaishusha kadi.

"Malizia," mke akasema. "Mimi naondoka. Ndivyo ulivyoandika."

Mume akamtazama kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo.

"Kumbe unasikia."

"Mwezi sasa."

"Na bata wote wale?"

"Ningesema pata, leo ungekuwepo hapa?"

Mume akajifuta jasho, akajiachia doa la grisi shavuni. Angeweza kusema ulikuwa utani wa ndugu, na mke alishajiandaa kuusikia uongo huo. Hakuusema.

"Uliandika kwa dhati?" mke akauliza.

"Siku ile, ndiyo. Kila jioni nakufungia humu na kukusahihisha, nikajiona askari jela. Nikadhani niliyemchoka ni wewe."

Akainyanyua tena kadi, akajificha nyuma yake. Pengine bila hiyo maneno yasingetoka.

"Nimechoka kuwa mwalimu wako. Nataka kurudi kuwa mume wako."

Kila herufi ilikuwa imefika, safi.

"Nimechoka kuwa mwanafunzi wako," akasema taratibu. "Nataka kurudi kuwa mke wako."

"Umekosea, mama. Sivyo nilivyosema."

"Ndivyo nilivyosikia. Na dada yako umwandikie hivyo hivyo."